Bango la Beuys Ukutani: Kununua Sanaa ya Ujerumani ya Baada ya Vita Bila Kuuziwa Mbuzi kwenye Gunia

Swali ni lile lile, hubadilika jina tu. "Nimepata bango la Joseph Beuys, ninunue?" "Nimepata Gerhard Richter, muuzaji anasema ni halisi na bei yake si mbaya, vipi?" Wanaouliza wengi wanasoma au wanafanya kazi Köln, Berlin na Hamburg, na wanataka siku ya kurudi nyumbani wawe na kitu cha kutundika. Wengine wako Nairobi au Dar es Salaam na waliyajua majina haya kupitia maktaba ya Goethe-Institut au vitabu vya chuo. Picha wanazoambatanisha huwa zimepigwa kwa simu, mara nyingi pembe moja haionekani, na pembe hiyo ndiyo ninayotaka kuiona.

Siwezi kuhukumu karatasi kwa picha ya simu. Ninachoweza ni kukupa njia ya kuikagua mwenyewe. Kwanza liweke kando swali la "ni ya nani?" Jiulize kwanza: karatasi hii ilichapwa lini, na ilichapwa kwa ajili gani?

## Aina nne za karatasi

Picha ile ile inaweza kukufikia kwa sura nne, na kila moja ina bei yake:

- Bango la maonyesho la wakati wake. Lilichapwa kutangaza maonyesho fulani, likabandikwa mitaani na kwenye milango ya nyumba za sanaa. Kwa kawaida halina saini wala namba.
- Toleo la msanii. Msanii aliamua zichapwe nakala ngapi, akasimamia kazi, akatia saini na namba kwa penseli, tuseme 12/100.
- Nakala rasmi ya kisasa. Imechapwa kwa ruhusa ya mwenye haki na huuzwa katika maduka ya makumbusho.
- Nakala isiyo na ruhusa. Mtu kachukua picha kwenye intaneti, kaichapa, anaiuza.

Tatu za kwanza ni halali, na kila moja ina mnunuzi wake. Hasara huja pale unapolipia ya pili ukakabidhiwa ya tatu au ya nne, na muuzaji hakudanganya hata neno moja, ila hukumuuliza.

## Wasanii hawa waliitaka nakala

Kuna jambo katika sanaa ya Ujerumani Magharibi ya miaka ya 1960 na 1970 linalowapoteza hata wanunuzi wazoefu. Kwa wasanii wengi wa zamani, nakala ni kivuli cha kazi yenyewe. Kwa hawa, mara nyingi nakala ndiyo kazi. Beuys alitoa vitu vya aina hiyo zaidi ya 500 katika maisha yake. Mwaka 1968 kisanduku chake cha mbao kiitwacho Intuition kiliuzwa kwa posta kutoka mji wa Remscheid kwa marki 8, na vilitengenezwa takriban 12,000. Alitaka mtu wa kawaida aweze kununua. Pamoja na Klaus Staeck wa Heidelberg alitoa pia kadi za posta ambazo idadi yake haikuwekewa kikomo.

Richter na Sigmar Polke nao walitumia ofseti kwa makusudi, yaani mtambo ule ule wa magazeti na vipeperushi. Freundinnen ya Polke ya mwaka 1967 ni ofseti. Mchoro maarufu wa Richter unaomwonyesha binti yake Betty akiwa amegeuza kichwa ulichorwa mwaka 1988 na uko Saint Louis, Marekani. Mwaka 1991 Richter mwenyewe aliutolea chapa za ofseti 25. Chapa hizo ni toleo la msanii, na bei yake hailingani hata kidogo na ile ya bango la Betty la dukani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni ofseti tu, haina thamani", usikubali haraka. Na akikwambia "Richter mwenyewe alitumia ofseti, basi hii ni ya kwake", usikubali kabisa.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu mwenye kipato cha kawaida, bango la maonyesho la wakati wake ndilo la kununua. Liliwahi kufanya kazi mtaani, lina tarehe, lina mahali, na kwa wasanii wengi wa kundi hili bado linapatikana kwa bei ambayo mfanyakazi anaweza kuipangia. Nakala mpya ya dukani ni chaguo la pili zuri. Toleo lenye saini liache mpaka uwe umeona mengi kwa macho yako.

## Kazi zinazokubali karatasi, na zinazokataa

Si kila kazi ya kipindi hiki inafaa kuwa bango. Hapa wengi hununua jina, wakatundika karatasi isiyosema kitu.

Kundi la ZERO la Düsseldorf, lililoanzishwa na Heinz Mack na Otto Piene mwishoni mwa miaka ya 1950, ambalo Günther Uecker alijiunga nalo mwaka 1961, lilifanya kazi na mwanga, moshi, moto na misumari. Ukisimama mbele ya ubao wa Uecker, vivuli vya misumari husogea kadiri unavyosogea. Kwenye karatasi bapa hakuna kinachosogea. Anselm Kiefer naye hubandika majani makavu, risasi na majivu juu ya turubai kubwa, na bango lake hubaki na rangi ya kahawia tu. Ukimpenda Uecker, tafuta chapa zake za kubonyeza, ambazo alama za misumari zimesukumwa ndani ya karatasi nyeupe. Hizo ni zake kweli na zina kina. Kipimo chake ni rahisi: geuza karatasi. Kama nyuma pametulia kabisa, hapakubonyezwa kitu, unatazama picha ya chapa.

Kazi zinazostahimili vizuri ni hizi:

- Michoro ya Polke ya nukta, kwa sababu tangu mwanzo ilitoka kwenye picha za magazeti.
- Michoro ya Richter iliyofutwafutwa kutokana na picha za kamera, kama Ema ya mwaka 1966 iliyopo Museum Ludwig, Köln.
- Mabango ya Beuys yenye picha yake na maandishi ya mkono.
- Kazi za Ruth Wolf-Rehfeldt wa Berlin Mashariki, aliyeunda maumbo kwa herufi za taipureta. Ni ndogo, na karatasi ndiyo makazi yake.
- Mabango ya Staeck.

Nisimame kidogo kwa Staeck. Mwaka 1971, Nürnberg ilipoadhimisha miaka 500 ya kuzaliwa kwa Albrecht Dürer, yeye alibandika mjini mchoro wa Dürer wa mama yake mzee, chini yake akauliza kama wewe ungempangisha chumba mwanamke huyu. Msomaji aliyewahi kutafuta chumba Ujerumani huku jina lake likiwa la kigeni hahitaji kuelezwa kwa nini bango hilo bado lina makali. Mabango ya Staeck yalichapwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza. Ila soma maandishi kabla ya kutundika. Mengi ni ya siasa, na si vizuri mgeni akuulize linasema nini nawe hujui.

## Kukagua kwa mkono na jicho

Nunua lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, kama wanayotumia masonara. Kisha fuata hatua hizi:

1. Tazama rangi kwa lenzi. Chapa ya skrini ina rangi iliyojaa, kingo zake kali, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona wino umeinuka kidogo. Ofseti ya rangi nne ina vinukta vya samawati, majenta, manjano na nyeusi vilivyopangika kama ua. Printa ya kisasa ya wino wa kunyunyiza huacha vitone vilivyotawanyika bila mpangilio. Bango la "mwaka 1969" lenye vitone vilivyotawanyika halikuchapwa mwaka 1969.

2. Kwa Polke, tazama mara mbili. Nukta kubwa ni za kwake. Lakini ukiona ndani ya nukta moja kubwa kuna vinukta vidogo vya rangi nne, unatazama picha iliyopigwa juu ya chapa yake.

3. Soma anwani. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, na hakigharimu kitu. Mabango mengi ya maonyesho yana anwani ya nyumba ya sanaa. Hadi tarehe 30 Juni 1993, Ujerumani ilitumia namba za posta za tarakimu nne: 4000 Düsseldorf, 5000 Köln. Kuanzia tarehe 1 Julai 1993 zikawa tano. Bango la "mwaka 1972" lenye tarakimu tano limechapwa upya. Hali kadhalika likiwa na anwani ya tovuti au mistari ya msimbo wa bei.

4. Pima kwa rula. Mabango mengi ya Ujerumani yalifuata vipimo vya DIN: A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1, A2 ni 42 kwa 59.4. Nakala za kisasa mara nyingi ni 50 kwa 70 au 60 kwa 80, ili ziingie kwenye fremu za dukani. Kipimo hiki peke yake hakitoi hukumu, maana wapo waliochapa kwa vipimo vingine. Kinakupa sababu ya kuuliza zaidi.

5. Tafuta jina la mchapaji. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, mara nyingi huandikwa "Druck" kisha jina la kiwanda. Pembe hii ndiyo inayokosekana kwenye picha za simu mnazonitumia.

Wapo wanaoshauri kumulika karatasi kwa taa ya urujuanimno ili kuona kama inang'aa. Kwa karatasi za zamani sana ni kipimo kizuri. Hapa kitakupotosha, kwa sababu kemikali zinazong'arisha karatasi zilianza kutumika viwandani karibu na mwaka 1950. Bango halisi la mwaka 1965 linaweza kung'aa kama la jana.

Usiogope mikunjo. Mabango mengi yalikunjwa ili yatumwe kwa posta, na alama za kukunja huonyesha tu kwamba lilitumika. Kata bei, usilikatae.

## Saini

Beuys alitia saini vitu vingi mno: mabango, kadi za posta, vipeperushi, chochote alichopewa baada ya mhadhara. Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, saini yake kwenye bango hailigeuzi bango kuwa toleo lenye namba. Pili, kwa kuwa zimetapakaa, kuzighushi ni rahisi, na wanaoghushi wapo.

Kwa hiyo:

- Usilipe nyongeza kubwa kwa saini isiyo na historia. Taka risiti ya zamani, barua, au jina la mnada ilikopitia.
- Itazame kwa lenzi. Penseli huacha mng'ao na mfereji kwenye karatasi. Saini iliyochapwa ina vinukta, au haina kina chochote.
- Kama bila saini ungelilipia euro 60 na pamoja na saini unadaiwa 600, jiulize unanunua nini.

## Maneno ya kwenye tangazo la Kijerumani

Wauzaji waaminifu huandika ukweli, ila kwa lugha ya biashara yao. Jifunze maneno haya kabla ya kubonyeza "nunua":

- *Ausstellungsplakat*: bango la maonyesho.
- *Kunstdruck*: nakala ya kupamba nyumba. Si toleo la msanii, hata kama karatasi ni nzito na bei ni nzito.
- *Nachdruck*: imechapwa upya.
- *Siebdruck*: chapa ya skrini.
- *Auflage*: idadi ya nakala katika toleo.
- *handsigniert*: saini ya mkono.
- *im Druck signiert*: saini ni sehemu ya picha iliyochapwa. Hakuna mkono uliogusa karatasi hii.
- *nach*, likifuatwa na jina la msanii: kwa kufuata kazi yake, haikufanywa naye. Neno hili fupi limewagharimu watu fedha nyingi.
- *gebräunt*: karatasi imegeuka kahawia kwa mwanga au asidi.

## Wapi pa kwenda

Anza na maduka ya makumbusho: Hamburger Bahnhof mjini Berlin, Lenbachhaus mjini München, Kunstmuseum Bonn, Albertinum mjini Dresden, na Schloss Moyland karibu na mpaka wa Uholanzi, penye mkusanyo mkubwa wa Beuys. Usiishie kwenye rafu za mbele. Uliza kama wana mabango ya maonyesho yaliyopita, maana baadhi huyahifadhi na kuyauza kwa bei ndogo kuliko nakala mpya.

Pili, kama unaishi Ujerumani, jiunge na Kunstverein ya mji wako. Vyama hivi vya wapenda sanaa huwauzia wanachama matoleo maalumu kila mwaka, mengi yakiwa na saini. Hamburg kuna Griffelkunst, chama kilichoanza mwaka 1925, ambacho kazi yake ni kuwapa wanachama chapa halisi kwa ada nafuu. Sijaona njia ya haki zaidi ya kumiliki chapa.

Tatu ni minada: Lempertz na Van Ham mjini Köln, Grisebach mjini Berlin, Ketterer mjini München. Hapa ujue kwamba bei ya nyundo si bei utakayolipa. Juu yake huongezwa ada ya mnada, ambayo inaweza kufika robo ya bei na kupita. Weka kikomo chako ukiwa umeshaijumlisha.

Masoko ya Jumamosi na maduka ya vitabu vya mitumba yana bahati zake. Nenda na lenzi, nenda na rula.

## "Si niichape tu mwenyewe?"

Swali hili nalo haliishi, na ninalielewa. Picha iko kwenye simu, duka la kuchapa liko mtaani.

Ujerumani haki ya msanii hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Beuys alifariki mwaka 1986, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Polke alifariki mwaka 2010, hesabu mpaka 2080. Kenya na Tanzania sheria inasema miaka 50, na hata kwa hesabu hiyo Beuys hajafikiwa. Kwa wengi wao, Beuys akiwemo, ruhusa hutolewa na VG Bild-Kunst ya Bonn, chama cha kusimamia haki za wasanii, na nakala rasmi huwa na jina hilo pembeni. Richter husimamia haki zake mwenyewe, na mara nyingi chini ya picha zake utakuta jina lake, mwaka na namba kwenye mabano. Mstari huo usipokuwepo kwenye nakala mpya, muulize muuzaji kwa nini.

Ukitaka kuchapa bila kumwibia mtu, yupo Willi Baumeister wa Stuttgart. Wanazi walimfukuza kazi ya ualimu mwaka 1933, akarudi kufundisha mwaka 1946, na maumbo yake yanayoelea yaliwafungulia njia wachoraji wa dhahania wa baada ya vita. Alifariki mwaka 1955, hivyo Ujerumani kazi zake ziko huru tangu tarehe 1 Januari 2026. Kwa ukubwa wa A1 unahitaji picha ya pikseli takriban 7,000 kwa 9,900 ili uchapaji uwe safi. Nusu ya hapo inavumilika ukitazama kwa mbali. Picha ya simu haitoshi.

## Safari, fremu na ukuta

Makosa ya hapa huharibu karatasi ambayo tayari umeichagua vizuri, kwa hiyo nitasema waziwazi.

- Bomba la kusafirishia liwe pana, sentimita 10 au zaidi. Bomba jembamba huacha karatasi na mikunjo midogo isiyonyooka. Likifika, lifungue, ulilaze bango kati ya karatasi safi chini ya uzito mwepesi kwa siku kadhaa.
- Forodha. Ongea na wakala kabla ya kulipa, na risiti itaje bei halisi. Bei ya uongo kwenye risiti itakuumiza bango likipotea njiani, kwa kuwa bima hulipa kilichoandikwa.
- Usiligandishe kwenye ubao. Mafundi fremu wengi watakwambia ndiyo njia ya kulinyoosha. Bango likishagandishwa kwa gundi halibanduki salama, na thamani yake inaishia hapo.
- Usitumie selotepu. Huacha doa la njano lisilotoka. Mwombe fundi vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, sehemu ya juu tu, ili karatasi iweze kupumua.
- Kadibodi isiyo na asidi, mbele na nyuma, na kioo kisigusane na picha. Kwa hali ya unyevu, wino hunata kwenye kioo.
- Kioo cha kuzuia miale ya jua kina gharama, lakini wekeza hapo kabla ya kuwekeza kwenye mbao za fremu.

Kwa walio Mombasa, Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam kuna la ziada. Ukuta wa chokaa au wa matumbawe hutoa unyevu mwaka mzima. Bandika vipande vya mpira au kizibo nyuma ya pembe nne za fremu ili hewa ipite. Usitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala chini ya kiyoyozi. Kila baada ya masika lishushe, ukague nyuma kama kuna ukungu, mende au mchwa. Ukiona madoa madogo ya kahawia yameanza, lihamishe mahali pakavu mara moja, wala usiyafute kwa maji.

## Barua ya kumtumia muuzaji

Nakili maswali haya, umtumie kabla hujatoa hata senti:

1. Karatasi hii ilichapwa mwaka gani, na nani?
2. Ni bango la maonyesho, toleo la msanii, au nakala ya baadaye?
3. Naomba picha za pembe zote nne, na picha ya nyuma.
4. Vipimo vya karatasi yenyewe, si vya fremu, ni vipi?
5. Limewahi kugandishwa kwenye ubao, kukatwa kingo au kutengenezwa?
6. Kama lina saini: ilipatikana wapi, na kuna maandishi gani ya kuthibitisha?
7. Nikigundua maelezo si sahihi, utanirudishia fedha ndani ya siku ngapi?

Muuzaji mzuri hujibu yote, tena kwa furaha, kwa kuwa anapenda mnunuzi anayejua anachotafuta. Asiyetaka kukutumia picha ya nyuma, mwachie bango lake.